Si Wewe Uliyeharibu Mashine

Mama,

Naanza na jambo lenyewe kabla sijaingiwa na woga. Ile mashine ya kufulia niliyokulaumu nayo mbele ya watu, si wewe uliyeiharibu. Ni mimi.

Jumanne iliyopita ilikuwa siku ya maji hapa mtaani Tena. Mfereji ulikuwa na nguvu, nikasema leo nifue blanketi zako. Ziko hapa tangu tukuzike, miezi minne sasa, na sikuwa na moyo wa kuzigusa. Mashine nayo ilikuwa imekaa kwenye kona ya jikoni tangu ile siku, nimeifunika lesso, juu naweka vitunguu na chupa ya chai. Nikajidanganya kwamba pengine imejitengeneza yenyewe. Ikafua vizuri tu. Ilipofika pale pa kumwaga maji ikaguna, ikaguna tena, ikanyamaza. Maji yote yako ndani, vile vile.

Ile siku unaikumbuka. Ulikuwa umefua mapazia yangu. Nilitoka kazini nikakukuta umepiga magoti, na magoti yenyewe unajua yalivyokuwa, maji yametapakaa sakafuni, unachota yaliyobaki kwa kikombe unatia kwenye karai. Sikuweka hata mkoba chini. Nilisimama mlangoni, jirani yetu Mama Brian akisikia, nikasema, "Si nilikwambia usiguse vitu usivyovijua?" Nilikwambia hivyo wewe! Wewe uliyefulia watu wa Buruburu na Umoja kwa mikono miaka yote hiyo ili mimi na ndugu yangu Barasa tusome. Nawe ukasema, "Pole, mwanangu. Pengine nilifinya kitufe vibaya." Ukaendelea kuchota.

Basi Jumanne sikuita fundi. Nilichomoa plagi, nikaivuta mashine kutoka ukutani, nikaangalia ule mpira wa kutolea maji. Nilidhani umekunjika. Haukukunjika, na nilipoupuliza hewa ilipita. Nikarudi mbele. Kule chini kuna kamlango kadogo ambako sijawahi kufungua tangu tuinunue, na ndani yake kuna kichujio cha kufungua kama kifuniko cha chupa. Karai haliingii pale, liko juu mno, nikaleta sinia. Nalegeza kidogo, maji yanajaa sinia, nakaza, namwaga, narudi. Nimefanya hivyo hadi mgongo ukaniuma. Maji yalinuka kama mtaro, Mama. Mwishowe kichujio kikatoka na nyuzi za blanketi na nywele za wigi langu, nikaona aah, kumbe ni hivi tu. Lakini nilipoingiza kidole hadi pale penye kile kipangaboi kinachosukuma maji nje, hakikuzunguka. Kulikuwa na kitu kimekibana. Nikakivuta polepole.

Waya wa sidiria. Wangu.

Sheria yako naijua tangu utotoni. Nguo ya ndani hufuliwa na mwenyewe, kwa mkono wake. Hata kwa matajiri wako, ukikuta chupi kwenye fungu la nguo uliitoa ukaiweka kando, na mwenyewe akinuna unamwambia, "Hiyo ni siri yako na sabuni." Mashine ilipokuja ukasema hata kwa mashine ni hivyo hivyo. Nikaitikia. Kisha nikawa nazificha katikati ya mashuka ukiwa kanisani, kwa uvivu tu, hakuna sababu nyingine. Siku moja sidiria nyeusi ikatoka upande mmoja umelegea. Nikaitupa kwenye takataka, nikaifunika na maganda ya viazi usiione. Kwa hivyo usidhani sikujua. Nilijua waya umebaki mahali. Wiki hiyo hiyo mashine ikakwama, na wewe ndiye uliyekuwa karibu.

Ningeishia hapo ingekuwa afadhali. Lakini kwenye matanga yako, watu walipoombwa kusimulia habari zako, mimi binti yako nilisimama nikasimulia ile ya mashine. Jinsi Mama alivyopigana na mashine ikamshinda. Niliigiza hata sauti yako. Watu wakacheka hadi mchungaji akapangusa macho. Sasa imekuwa msemo wa ukoo. Majuzi Tracy wangu aliangusha simu kwenye ndoo, binamu zake wakampigia kelele, "We! Umefanya ya kukhu!" Mtoto akakucheka wewe bibi yake. Hivyo ndivyo wajukuu wako watakavyokukumbuka, kama mtu wa kuharibu vitu, na hukuwahi kuharibu hata kitambaa cha mtu.

Alhamisi Barasa alipita kunywa chai. Akaigonga mashine begani akasema, "Hii bado inamngoja mathe aje aifinye?" Waya ulikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Niliushika. Nikafungua mdomo niseme.

Nikacheka, Mama. Nilicheka pamoja naye.

Nimeacha kalamu hapo kwa muda kwa sababu nimeona siwezi kukuandikia wewe jambo ambalo walio hai sijawaambia. Nimempigia Barasa. Nimemwambia yote, waya, takataka, matanga, hata kile kicheko cha Alhamisi. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mathe alijua."

Anasema uliiona ile sidiria ukipekua maganda ya kumpelekea Mama Brian kwa kuku wake. Mashine ilipokwama ukaelewa papo hapo, na mimi nilipokuja kusimama pale mlangoni ulikuwa unajua kila kitu. Ulimwambia Barasa jioni ile, ukamkataza asiniguse: "Muache. Ataona aibu." Anasema kila akitania habari ya mashine alikuwa ananifungulia mlango, anangoja niingie mwenyewe. Na kila mara nilicheka.

Nilidhani nikishakiri nitapumua. Sijapumua. Ulijua, na bado uliniambia pole. Ulipiga magoti kwenye maji ya kosa langu, ukaniomba msamaha mimi, ili nisiaibike mbele ya jirani. Hiyo pole nitaiweka wapi? Ungenigombeza. Ungeninyooshea kidole tu, ukasema Nasimiyu, angalia vizuri nguo zako. Ningekasirika siku mbili, yakaisha.

Blanketi zako nimezimalizia kwenye mashine. Maji yametoka yote, yamekimbia kabisa. Nimezianika juu kwenye paa.

Jumapili baada ya ibada wote wanakuja hapa: shangazi, Barasa na mkewe, watoto. Nimemwita na Mama Brian, kwa kuwa alisikia la kwanza lazima asikie na la pili. Nitasimama kama nilivyosimama kwenye matanga na kwa sauti ile ile nitawaambia ni nani aliyeharibu, na nani aliyenyamaza. Nitataja sidiria kwa jina lake, hata mbele ya shangazi. Wakicheka, wanicheke mimi. Tracy atasikia, na akiniuliza kwa nini nilidanganya nitamjibu.

Naogopa sana. Lakini kwaheri, Mama, lala. Umechoka na mimi vya kutosha.

Na Jumapili usinifiche. Wacha nionekane.

Binti yako,
Nasimiyu