Baba, ni Oldonyo Sambu ipi?

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini mdomo wangu umezoea, siwezi kuanza kuzungumza na wewe bila hiyo.

Nakuandikia nikiwa na hasira kidogo. Usinitolee macho. Ulinipa kazi, ukafumba macho ukaenda zako, na kazi yenyewe haina hata mahali pa kuanzia. Ulisema, "Mwanangu, nipelekee isale kwa baba yako mdogo Aloisi. Yuko Oldonyo Sambu." Nikaitikia, "Sawa Baba," kama mtu aliyetumwa chumvi dukani. Nilidhani ugumu utakuwa kuupanda mlima. Kumbe ugumu ni kuujua mlima wenyewe.

Unakumbuka ulivyokuwa ukirudi kazini? Wewe mgumu wa kweli, kama wanavyoitwa wapagazi wa mlimani, umebeba mizigo ya wageni kwa kichwa na shingo hadi nywele za utosini zikakataa kuota. Ulikuwa unaingia hapa Kibosho na vumbi mpaka kwenye kope, unakaa kwenye kigogo cha jikoni, mimi nakuvua viatu, na ndani ya soksi vinadondoka vijiwe. "Hivyo vimelala na barafu," unaniambia, "vishike kwa adabu." Nilivitunza kwenye kopo mpaka siku Bibi alipotafuta kopo la kupimia ulezi, akavimwaga vyote kwenye migomba. Nililia, wewe ukacheka, ukasema usijali, mlima hauishi mawe.

Na ile harusi ya Arusha, Baba! Nilinyoosha kidole kwenye Meru nikauliza, "Na ule mlima?" Hukugeuka hata vizuri. "Ule? Kilima kizuri tu." Mzee mmoja wa kule akaacha kutafuna. Wewe ukaendelea, "Mlima ni mmoja. Hivyo vingine Mungu alikuwa anakung'uta udongo mikononi." Mama akakufinya chini ya meza, nikaona. Tulicheka njia nzima hadi Moshi. Sasa hivi sicheki, kwa sababu majivuno yako hayo ndiyo yaliyonifikisha hapa.

Siku ile mfanyabiashara wa ng'ombe alipokuja nyumbani na habari, nilikuwepo. Nilikuwa namenya ndizi za machalari. Alivua kofia akasema, "Aloisi hatunaye. Tumemzika kulekule Oldonyo Sambu, juu begani mwa mlima. Aliomba alazwe mahali ambapo asubuhi anaiona Kibo." Wewe ukasema, "Haya." Basi. Mtu mwingine yeyote angeuliza ni wapi huko, unapitia wapi, kwa mzee gani. Hukuuliza. Ulimpa yule mtu mbege, akanywa, akaenda, na hatujamwona tena hadi leo. Kwako wewe lilikuwa ni jina la kilima fulani huko Umasaini, na Mchagga gani wa mlimani anauliza habari za kilima?

Najua pia kwamba ulinyamaza kwa aibu. Wanaosoma barua hii na hawatoki kwetu, niwaambie: isale ni ule mmea wa majani marefu tunaopanda mipakani na makaburini. Ndio unaosema huyu ameishia hapa, na huyu anaanzia hapa. Na mtu aliyekukosea akija na jani la isale mkononi, huwezi kumfukuza, hata kama amekuchomea nyumba. Sasa wewe, Baba, uling'oa isale iliyopandwa na Babu kati ya kihamba chako, yaani shamba la urithi, na cha mdogo wako, ukaisogeza upande wake. Baba Mdogo alipoiona hakupigana na wewe. Alikwenda kwa rafiki yake Mmasai waliyekuwa wakiuziana ng'ombe, na hakurudi. Mtu wa kwetu kuzikwa nje ya kihamba chake, nani asiyejua uchungu wake? Ulikaa nao hadi ulipougua. Kitandani ukaanza kusema, "Nikipona tutakwenda wote, mimi na wewe." Hukupona.

Nilipomaliza matanga nikaanza kupanga safari. Nikashuka Njoro kwa Eliudi, yule anayeongoza wageni, mtoto wa rafiki yako. Nikamwambia nataka kupanda Oldonyo Sambu. Akaniangalia.

"Ipi, dada?"

"Ipi kivipi? Oldonyo Sambu."

"Dada, hapo umeniacha. Zipo kibao." Akaanza kunieleza. Moja iko njia ya Namanga, ukitoka Arusha. Nyingine iko Ngorongoro, mbali huko, upande wa Natroni. Akabonyezabonyeza simu, ikamwonyesha tena jina hilohilo mahali pengine, akakuna kichwa. "Wamasai wanauita mlima jinsi wanavyouona. Huu una mabakamabaka, basi, jina limepatikana. Sasa niambie, mlima gani hauna mabaka?"

Nikamwambia kuna alama: ukiwa pale, asubuhi unaiona Kibo. Eliudi akacheka kwa huruma. "Dada, kukiwa kweupe, Kibo inaonekana nusu ya nchi. Si ndiyo sifa yenyewe mnayojivunia?"

Nilikaa pale kwenye benchi lake nikajisikia mjinga. Nimekulia chini ya mlima mrefu kuliko yote Afrika, baba yangu mgumu, na sijui nipande wapi.

Ningeweza kuacha. Kweli kabisa, ningeweza. Ni mama yako asiyeniacha, Baba. Bibi sasa haoni vizuri, miguu imegoma, mkono unatetemeka hadi mtori tunamlisha kwa kijiko. Kila Jumapili tukitoka misa ya kwanza napitia kwake, na kabla sijamaliza kumwamkia ananishika kifundo cha mkono. "Umefika kwa Aloisi?" Hataki kitu kingine. Amezaa wanaume wawili, wote wamemtangulia, na wametangulia wakiwa hawasalimiani. Anataka kusikia neno moja tu: nimefika.

Basi nikasema nianze na ya karibu. Nilikata isale palepale ulipoihamishia, nikaifunga kwenye gome bichi la mgomba isinyauke, tukaenda mimi na Eliudi njia ya Namanga. Kuna mzee wa pale alikubali kutupeleka. Nilimweleza habari yote, akasikiliza akiwa ameegemea fimbo yake. "Wachagga wanakuja kununua ng'ombe," akasema. "Wananunua, wanaondoka. Aliyezikwa hapa, mimi sijamsikia." Kisha akafikiri. "Lakini wazee waliokuwa wakijua mambo ya zamani wamekwisha."

Tukapanda. Usicheke, Baba, hicho kilima chako kilinitoa jasho. Miiba, majani makavu yanayoteleza, jua linawaka kichwani, na mimi na magoti haya. Nilikuita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Tulipofika begani nikageuka, na kweli, kulikuwa na mawingu kidogo lakini kwa juu yake Kibo ilionekana. Nikaangaza huku na huku, nikaona mawe yamerundikwa chini ya mti.

"Hili ni kaburi?" nikauliza.

Yule mzee akayatazama. "Mawe ni mawe. Inawezekana mtu. Inawezekana mchungaji aliyakusanya tu. Sijui, mama."

Baba, nilisimama pale na isale mkononi nikashindwa. Eliudi akaninong'oneza, "Dada, weka tu. Nani atajua?" Nikapiga magoti, nikaanza kuchimba kidogo kwa vidole, nikaacha. Kama si yeye? Kama Baba Mdogo yuko kule Natroni anangoja, na mimi nimemwomba msamaha mtu nisiyemjua, au jiwe? Na kama ni yeye, na nimemfikia kabisa, halafu nageuka na kuondoka bila kumwekea? Yaani wewe ulimkosea mara moja, na mimi sasa nilikuwa naweza kumkosea kwa kuiweka na kwa kutokuiweka. Nililia pale mbele ya watu, wala sikuona haya. Mwishowe nilishuka nayo.

Kule kwingine sijui nitafika vipi. Barabara ni ya kulala njiani, mvua zimeanza, na hata nikifika, nani ataniambia kwamba bega lile ndilo bega, na mawe yale ndiyo mawe? Tumeuliza minadani, hakuna anayemkumbuka yule mfanyabiashara. Nimechoka, Baba. Nawaza sana kwamba nyie wawili mmeshakutana huko, mmeshanyosheana mikono, pengine mnacheka, isale ya nini tena? Lakini hilo halimsaidii mtu anayenishika mkono kila Jumapili.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwa Bibi nikiwa nimeshaamua kumdanganya. Nilijiambia, ni neno moja tu, macho yenyewe hayaoni, mpe apumzike. Nilikuwa nimeupiga picha ule mlima kwa simu, nikawa nimejiandaa kuiweka mbele yake na kumsimulia nilivyopanda isale na udongo ulivyokuwa. Alikuwa amekaa kitandani, amefunikwa vitenge viwili na bado anasikia baridi. Usiku alikuwa hajalala kwa maumivu, walisema. Akanishika mkono.

"Umefika kwa Aloisi?"

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa palepale kwenye ulimi. Nikamtazama uso wake, nikaona jinsi alivyochoka, na jinsi alivyokuwa tayari kuniamini.

"Bado, Bibi. Sijampata."

Kisha akanipapasa mkono taratibu, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa.

"Haya, mjukuu wangu," akasema. "Basi na mimi bado siendi."

Nilitoka nje nikakaa kwenye migomba mpaka nikasikia wananiita. Isale nimeichomeka kwenye ndoo ya maji mlangoni kwake, imeshaanza kutoa mizizi. Sijui niifanye nini. Kama wafu wanaruhusiwa kutuma neno, Baba, usinitumie mimi. Mtumie mama yako, mwambie mmeshapatana, umruhusu aje huko mliko.

Nakuaga nikiwa sijamaliza ulichonituma.

Binti yako