Uliyenionjea Mwarobaini

Mama Nekesa,

Amani ya Bwana ikufunike huko uliko. Nakuandikia asubuhi, saa ile uliyokuwa ukibandika sufuria ya mwarobaini, na nyumba yetu ya Mbotela ikajaa harufu hata koti langu la ibada likanuka dawa.

Tangu tukulaze kaburini, niliendelea kuchemsha majani uliyoyaacha. Mkono wangu ulikuwa haujajifunza. Ulipima maji ya watu wawili. Kikombe changu nilikinywa. Chako kilipoa mezani, nami nilikimwaga jioni bila kukitazama.

Unakumbuka siku niliyoambiwa nina homa ya ini? Ulikwenda sokoni Muthurwa, ukarudi na kifurushi, ukaniambia majani haya hulilinda ini kama boma lilindavyo ng'ombe. Na kwa desturi ya kwetu, mpishi hampi mtu kikombe kabla hajakionja mwenyewe, kuonyesha hakikutiwa kitu kibaya. Ulipiga funda, ukakunja uso, ukasema, "Chungu kama mahubiri yako, Mzee. Haya, kunywa, uchawi nimeutoa." Mimi, mzee wa kanisa, nilikukemea kwa neno hilo kila asubuhi. Na kila asubuhi nililingoja.

Majuzi daktari alitazama vipimo vyangu, akaniandikia vidonge. Hakuyadharau majani yako. Alisema wataalamu huichunguza mimea ya namna hiyo, kwamba huenda mingine ikalikinga ini. Lakini mingine huliumiza, na langu limechoka. "Mzee, sijui majani haya na vidonge vitapatanaje. Vikigombana, ini lako ndilo litakaloumia. Yaache."

Nilivileta vidonge nyumbani, nikaviweka kando ya sufuria. Sikuvimeza. Usinihesabie ukaidi, mke wangu. Majani hayo ndiyo kazi ya mwisho ya mikono yako iliyosalia humu ndani. Nikiyaacha, asubuhi yangu itabaki na nini? Niliomba, kisha nikabandika sufuria.

Jumamosi Nekesa akaja kutoka Nakuru, akakuta pakiti haijafunguliwa. Nilijua atanigombeza. Badala yake binti yetu aliifungua pakiti, akanitilia kidonge kiganjani. Alimimina maji katika kikombe chako, akapiga funda, akakunja uso kana kwamba ni shubiri.

"Chungu, Baba. Haya, kunywa, uchawi nimeutoa."

Yalikuwa maji matupu, lakini niliyanywa yote pamoja na kidonge.

Sasa amerudi kwake. Leo nimeyaonja maji peke yangu, nikalitamka neno lako kwa sauti, likanirudia kutoka ukutani. Kisha nikameza kidonge.

Nakuahidi nitaendelea kumeza, hata asubuhi ambazo sitaona sababu. Majani yaliyosalia nimeyafunga katika leso yako ya kanisani. Sitayachemsha, wala sitayatupa. Na maji, Mama Nekesa, leo nimepima ya mtu mmoja.

Pumzika hata parapanda itakapolia. Siku tutakapoketishwa mezani pa Bwana, sitakigusa kikombe. Nitakungoja uonje wewe kwanza.

Mzee wako,
Baba Nekesa