Tuliuacha Mkono Wako Ulivyo

Baba,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tukutoe Jinja kuja kukuzika hapa Mbale. Nyumba ya askari wa magereza uliyopewa tumeirudisha. Mama hajambo, ila bado anakupakulia chakula halafu anakumbuka.

Juzi nilikuta barua ya daktari ndani ya Biblia yako, nikampelekea muuguzi jirani yetu anieleze. Akasema tangu ulipoanguka kutoka kwenye lori la kuni kule Budondo, kiwiko kikateguka, mfupa mwingine ulianza kuota ndani ya nyama. Daktari alikataza mkono usikandwe wala usivutwe kwa nguvu, maana ndivyo mfupa huo unavyozidi kuota.

Na mimi nilikukanda kila jioni, mwaka mzima! Maji ya moto, samli, kisha nauvuta mkono mpaka jasho linakutoka. Lile gumu karibu na kiwiko nilidhani ni damu iliyoganda, nikazidi kukandamiza. Nilitaka upige saluti tena wasikustaafishe. Nawe ukinitania, "Vuta tu, afande. Mimi iko sawa."

Hukuwa sawa, Baba. Nilikukasirikia sana. Kwa nini hukuniambia? Mama ndiye aliyenijibu: ulimwambia kwamba ukinikataza, nitajua ni mimi niliyekuharibu mkono. Ukaona heri uumie. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Kuna jambo la siku ya mazishi hulijui. Kifuniko cha jeneza kilikataa kufunga, kwa sababu ule mkono ulikuwa umekunjika, umesimama. Baba mdogo akaushika aulazimishe. Nikamrukia mbele ya watu wote: "Wacha! Huu mkono imevutwa inatosha." Wakati ule sikujua lolote kuhusu barua, niliona tu kwamba umechoka. Fundi akaongeza ubao juu, padre akasubiri, watu wakanung'unika kwamba jua linazama. Tukakuzika na mkono wako ulivyo.

Jana mama mmoja hapa mtaani aliniita niende na samli yangu nimkande mwanawe, aliyetoka kufunguliwa plasta na kiwiko kimekaza. Nilikwenda mikono mitupu. Nilimsihi asimkande, nikawasindikiza hospitali.

Nakuahidi nitafanya hivyo kwa kila atakayeniita. Nisamehe, ingawa najua ulishanisamehe kila jioni, nikiwa bado navuta.

Pumzika, afande wangu. Hakuna atakayeuvuta tena.

Binti yako,
Nambozo