Uji wa Daktari Haidar

Mpendwa mshauri, naomba unishike mkono, maana tangu juzi hata daku hailiki. Mimi ni mpishi hapa Dunda wa taasisi ya utafiti wa mbegu ya Sudan, iliyokimbia vita ikahamia kwetu kwa muda mpaka kwao kutulie, watu wapole, nikawaonea huruma kila siku kufuturu mihogo na viazi vitamu vyetu, nikasema leo niwapikie cha kwao, na kwenye friji la jikoni kulikuwa na kopo la maziwa lenye mtama mwekundu, nikadhani chakula, nikautwanga wote nikapika uji wa tangawizi, wakanywa, na mkubwa wao Daktari Haidar akaongeza bakuli akisema nimemrudisha kwa mama yake. Asubuhi akaulizia kopo. Mshauri, ile ilikuwa mbegu! Aliitoa kwenye ghala linaloungua akaibeba kifuani mpaka mpakani, na anasema haipo tena popote duniani. Aliketi sakafuni akalia, mtu mzima yule. Nikanyamaza kwa woga, na sasa wanasema mlinzi wetu, kaka Mikidadi, kaiuza, wamemfukuza, na ana watoto. Hata mama yangu aliyeko kijijini Miono, niliyempelekea viganja viwili vya mtama huohuo wiki iliyopita kwa kuwa alikosa mbegu ya masika, nashindwa kumweleza. Niseme, au nihame mji?

Mwanvita, Dunda

Mwanvita mwanangu, pole. Nimeisoma barua yako mkono kinywani. Huruma yako nzuri, ila kopo la watu huulizwa mwenyewe, hata likiwa jikoni kwako. Hilo lakini dogo. Unafungaje saumu huku mwenzio anaitwa mwizi kwa uji uliopika wewe? Leo kabla ya magharibi nenda kwa Daktari Haidar mwenyewe, usimtume mtu, useme mbele ya wenzake wote na Mikidadi akiwepo. Wakikufukuza, ondoka kwa adabu.

Ila kabla ya hapo kuna jambo. Hofu imekuziba macho, kubwa kuliko yote umelitaja juu juu. Viganja viwili viko Miono! Shika simu sasa hivi, mwamkie mama yako, kisha muulize: "Ule mtama umeupanda au umeupika?" Kama ameupanda, asipalilie kitu, asiguse hata jani. Wewe mchukue Daktari Haidar, mpande gari la Miono, akauone mtama wake ukiota.