Kona ya Bi Zuhura

Jumanne, Singida

Na bado Bi Zuhura anasema mimi ndiye fundi mwenye roho nzuri.

Hajji mwenye duka la uchapaji aliniita nibadilishe mfumo unaoendesha kompyuta yake. Ule wa zamani ulikuwa mzito. Huu wa bure, wa kwenye CD, ni mwepesi. Nimeuweka kwa kubahatisha, kama nilivyojifunza kila kitu, na umekubali.

Hajji akamwita Bi Zuhura, mchapaji wake, aujaribu. Kompyuta anaijua kwa kukariri: kitufe cha kona ya chini kushoto, mstari wa tatu, bonyeza mara mbili. Mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Leo kona ile ilikuwa tupu, naye akabonyeza palepale, akabonyeza tena, kama anayebisha hodi kwa jirani aliyehama.

"Mama, siku zote ulikuwa unachapa au unapapasa?" Hajji akauliza mbele ya wateja. Wakacheka. Na mimi nilicheka, tena kwa sauti.

"Kesho usije. Kapumzike," Hajji akamwambia.

Kukirudisha kile kitufe kwenye kona yake ni suala la kukivuta kwa kipanya tu. Sikukivuta. Hajji alishaniuliza asubuhi kama dada yangu anaweza kuchapa.

Mlangoni Bi Zuhura akanishika mkono. "Fundi, mwanangu, jioni pita nyumbani unielekeze hiyo kona mpya."

"Nitapita, mama."

Jioni nimekaa na dada yangu. Kona ya juu kulia, mstari wa pili, bonyeza mara mbili. Ameshakariri.