Lusini Tuliyowaachia Ng'ombe

Mke wangu mpendwa, Mama Yohana,

Unakumbuka kiangazi kile ulipovuta miiba iliyoziba lango la shamba? Lusini yetu ya malisho ilikuwa imefika magotini, kijani kitupu, wakati kijiji chote cha Mwamkulu kilikuwa vumbi. Ng'ombe wetu wa nyama wakaingia, wakaila mpaka udongo ukaonekana. Nilisimama pembeni nimeshika kichwa, nawe ukanicheka.

"Baba Yohana, unalilia majani kama umefiwa na shemeji! Waache wale. Shina litakalochipua baada ya hapo ndilo letu."

Mengi yalikufa. Machache yalichipua, mafupi, yamelala chini kana kwamba yanajificha. Ulichukua mbegu za hayo, ukazipanda, ukawarudisha ng'ombe. Tulifanya hivyo kila kiangazi tangu miaka hii ya tisini ianze, mpaka tukapata lusini iliyoliwa, ikakanyagwa, ikalaliwa, nayo ikarudi. Mbegu zote tulizokuwa nazo zilikuwa katika shamba lile. Uliondoka kabla hazijakomaa.

Siku tulipokuzika, majirani walikuja na majembe, kama ilivyo desturi yetu ya kumlimia mfiwa. Mimi nilikuwa mkekani pamoja na wazee. Jioni Mama Zawadi, jirani yetu, akapiga magoti mbele yangu.

"Pole, mzee. Shamba usiliwaze, tumekusafishia. Yale magugu mafupi yaliyotambaa tumeyang'oa na mizizi yake, tukayachoma. Yale marefu mazuri ya nyuma ya nyumba tumekuachia."

Nilijibu, "Asante, mama." Viganja vyake vilikuwa na malengelenge kwa ajili yako.

Yale marefu nayo ni lusini, ndiyo niliyokuomba uyazungushie miiba kwa sababu yalinipendeza. Hayajawahi kuguswa na ng'ombe hata mmoja.

Nimechimba shamba zima kwa mikono. Sijapata mzizi ulio hai. Mvua imenyesha na hakuna kilichochipua. Yohana anasema, "Baba, tupande tumbaku." Ninakataa, wala sijui ninakataa kwa ajili ya nini. Sina miaka ya kuanza upya, na jicho la kuchagua lilikuwa lako.

Leo asubuhi nimevuta miiba ya nyuma ya nyumba. Ninapoandika, ninawasikia ng'ombe wakiyararua yale marefu. Sitatoka kuwafukuza.

Kama huko uliko mtu huruhusiwa kuomba, niombee shina moja tu.

Mumeo uliyemcheka,
Baba Yohana