Inawaka, Inawasha

Dodoma, 4 Machi 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, kazi ya kufua mazulia inaendelea. Kwa kuwa simu huisikii, naandika.

Iddy wa basi anakuletea mashine ya upepo tunayokaushia mazulia, ofisini wameistaafisha. Mvua hii isije ikakuozeshea zabibu. Iweke pakavu, ielekee kwenye chanja, mdomo wake usizibwe. Ichomeke ukutani kwa adapta yake. Ikizimika yenyewe, chomoa, ipoe nusu saa, usafishe wavu.

Mwanao, Gladness

Mvumi, 7 Machi

Gladness mwanangu,

Marahaba. Magoti yananisumbua. Masikio ni yale yale. Jogoo namwona tu akifungua mdomo.

Meshack jirani aliichomeka mashine. Jana ilizimika yenyewe. Nikatoa vikonyo na vumbi kwenye wavu, ikapoa, ikarudi. Zabibu zimeanza kusinyaa vizuri. Ila mashine inawasha.

Mama yako

Dodoma, 9 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole na magoti. Nimefurahi, ila sema "inawaka". Mashine inawaka, mtu ndiye anayeiwasha. Usininunie.

Mwanao, Gladness

Mvumi, 12 Machi

Mwalimu Gladness,

Marahaba. Kuwaka nakujua na kuwasha nakujua. Nimesema inawasha. Nikiishika, mkono unawasha mpaka kwenye kiwiko, kama upupu. Nikivaa kandambili haiwashi, basi huwa navaa nikikumbuka, maana sakafu ina maji ya kuoshea zabibu. Adapta sikuiona. Plagi ilikataa, Meshack akasokomeza kijiti kwenye tundu la juu, ikaingia.

Mama yako

Dodoma, 13 Machi, saa kumi na mbili asubuhi

Mama,

Shikamoo. Usiiguse. Huo si upupu, ni umeme uliovujia kwenye bati la mashine, na adapta ndiyo ingeupeleka ardhini. Ipo hapa kwenye droo yangu, niliisahau. Zima swichi kubwa ya nyumba kwanza, ndipo plagi ichomolewe.

Nimempigia Meshack mara sita, hapatikani. Ruhusa ya leo nimeiomba kwa simu, wamenikatalia. Kwenye shajara yangu, tarehe 9, nimeandika: "Mama hajambo, nimemsahihisha Kiswahili." Nimeisoma nikakosa pa kukaa. Nijibu kwa Iddy leo hii hii. Nisipopata barua, kesho nakuja, wanifukuze wakitaka.

Mwanao, Gladness

Mvumi, 13 Machi, alasiri

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, nimeanza na hilo ili upumue.

Barua yako imefika saa saba. Saa nne yule mbuzi wa pembe moja alikata kamba akaingia kunusa zabibu. Mimi nilikuwa mlangoni, natafuta kandambili kwa miguu. Pua ilipogusa bati, akaanguka, akafa hapo hapo. Labda alilia, sikusikia. Nilimkimbilia Meshack, naye akazima swichi kubwa. Kijiti amekichomoa mwenyewe, na tangu hapo hajaniangalia usoni. Nimemwambia kwamba mbuzi havai kandambili.

Zabibu nimezirudisha juani, mvua ikija nitazikimbiza ndani. Adapta usiilete. Njoo wewe. Mashine nimeifunika gunia. Haiwaki, haiwashi.

Mama yako